Plastiki ya Bluu kwenye Mitufaha

Jumanne, 13 Januari 1998

Leo tena kunyonyoa majani. Mtufaha wa Babu uko nusu uchi. Shangazi Verediana anasema huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza mti, kwa hiyo tunaulaza kwa mikono. Unavua majani yote. Mti unadhani umekufa, unaogopa, unatoa macho mapya. Hayo macho ndiyo tunayataka kwa kupandikiza.

Vidole vyangu vimekuwa vyeusi. Shangazi yuko chini ya mti, ananitazama.

"Unapapasa nini, Odeta? Vuta. Mti haiko bwana yako."

Sirudi tena shule. Mama ameamua, barabara ya Nyundo imekuwa ya hatari. Nilifurahi, na naona aibu kwamba nilifurahi. Kule wanacheka Kinyarwanda changu cha Karagwe, na Kifaransa sina. Nikisimamishwa darasani sauti inakatika. Juu ya mti ananicheka Shangazi peke yake.

Babu alikuwa mtunza bustani wa mapadre. Alileta kijiti kimoja ndani ya shati lake, akakipandikiza hapa. Halafu familia ikakimbia. Baba akaenda Karagwe, akafia huko. Dada yake, huyu Shangazi, akaenda Masisi, Kongo, akarudi na Kiswahili cha huko. Mti ulibaki, tukaukuta tuliporudi Rwanda baada ya vita. Shangazi ametafuta Nyundo na Goma, hajaona tunda kama hili popote: dogo, shavu moja jekundu, kali kwanza, kisha tamu. Anataka tupate miche mingi kabla mti haujafa kwa uzee.

Alhamisi, 15 Januari

Risasi asubuhi, upande wa barabara kuu. Kisha moshi mweusi. Wamechoma gari la abiria. Ni wale waasi wanaoshuka kutoka msituni, abacengezi.

Mama alirudi kutoka sokoni bila kiatu kimoja, beseni la sambaza, dagaa wa ziwani, bado kichwani. Alisema amepita juu ya mwanamke asiye na uso. Alisema mara moja tu. Kisha akawasha moto akakaanga samaki. Nilikula. Nilikuwa na njaa. Sijui nina moyo gani.

Jumatatu, 19 Januari

Mkutano kwa Damasi, nyumbakumi wetu. Amri imetoka. Migomba, mahindi, ua, miti, chochote kinachoweza kumficha mtu karibu na njia, kikatwe kabla ya mwisho wa wiki. Asiyekata ni rafiki wa abacengezi.

Mtufaha wa Babu uko karibu na njia.

Shangazi alisimama akauliza kama mti usio na majani unaweza kumficha mtu. Watu walicheka. Damasi hakucheka. Alisema amri ni amri, Mama Pome, majani yatarudi. Mama Pome ni jina walilompa Shangazi, pome ni tufaha.

Jioni Shangazi hakula. Alinoa kisu.

Jumatano, 21 Januari

Tumepandikiza kutwa. Macho hayajavimba vizuri, tulitaka kungoja, lakini hakuna kungoja. Miche ya mbegu tuliipanda mwaka juzi, mstari mmoja kando ya njia inayopanda kwa Safari, jirani yetu wa juu, kwa sababu udongo mzuri uko pale. Unakata mche kwa mshazari, unakata kijiti cha mti wa Babu kwa mshazari, unalaza kidonda juu ya kidonda, ngozi ya kijani ikutane na ngozi ya kijani. Unafunga kwa nguvu hewa isiingie. Unapaka nta ya mshumaa.

Cha kwanza nilikifunga legevu. Shangazi alinipiga kofi. Nilistahili. Sipendi kupigwa na mtu mwenye mikono ya udongo, udongo unaingia mdomoni.

Tunafunga kwa mpira wa tairi la baiskeli. Mpira uliisha mapema. Fundi baiskeli amefunga kibanda, amekimbilia mjini. Nikapanda juu ya banda la kuku, nikakata kona ya plastiki ya bluu, ile ya kambi za wakimbizi. Kila nyumba hapa ina kipande chake. Nikaichana vipande virefu. Shangazi alipoona nilikuwa nimeshafunga karibu mstari mzima.

"Bon. Inakaza?"

"Inakaza, Shangazi."

"Donc endelea."

Hilo "bon", yaani vizuri, ndilo neno zuri pekee aliloniambia wiki hii. Nimejikata dole gumba. Damu kidogo imeingia kwenye mche wa mwisho.

Ijumaa, 23 Januari

Wameukata.

Walikuja vijana wa doria na Safari mbele. Safari ana mikono mikubwa na maneno mengi. Panga la kwanza liliruka, gome ni gumu. La pili likaingia. Walipokezana. Mti ulilia kwa ndani kabla ya kuanguka, kama mlango mzito. Ubao wake ndani ni wa rangi ya waridi. Sikujua.

"Mama Pome, unalilia kuni?" Safari alimwuliza Shangazi, wenzake wakacheka.

Shangazi alitema mate. "Kata, Safari. Siku moja mambo itakugeukia kwako, utaona."

Nilitaka kumtupia jiwe Safari. Nilikuwa nalo mkononi. Sikutupa. Mimi ni mwoga.

Sasa tunda la Babu liko kwenye vile vijiti tu. Kila kimoja kifupi kuliko kidole changu cha kati.

Jumapili, 1 Februari

Abacengezi wamekuja usiku kwa Safari. Yeye alikuwa kwenye doria, upande mwingine. Mkewe Joselina, mtoto wao Fabrisi, mama yake mzee. Wote kwa panga. Asubuhi tulimsikia Safari. Haikuwa sauti ya mtu.

Mama alikwenda kuosha maiti pamoja na wanawake wengine. Alirudi akanikataza kwenda. Fabrisi alikuwa akija kwetu kuiba matufaha mabichi. Alikuwa hajui kuongea sawasawa.

Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 2 Februari

Nitaandika yote.

Walizika asubuhi. Mama alikuwa amekwenda sokoni, lazima tule. Mimi na Shangazi tulikuwa tunachambua maharage. Wakaja kutoka makaburini, wanaume wa doria wote, na Damasi, na Safari. Suruali yake ilikuwa na udongo wa kaburi mpaka magotini. Hakutusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye miche, akashika plastiki.

"Hii ni nini?"

Mmoja akasema, "Plastiki ya kambi. Huko ndiko walikotoka abacengezi."

"Tazameni inaelekea wapi."

Nikatazama. Ua ulikuwa umekatwa, migomba imekatwa, kila kitu kilikuwa wazi. Vifundo vya bluu vilipanda njia kimoja baada ya kimoja mpaka kwenye kizingiti cha nyumba yake. Nilivifunga mwenyewe na sikuwahi kuviona hivyo. Nikaviona kwa macho yake.

Safari akasema, "Huyu mwanamke alisema. Mlimsikia. Alisema mambo itanigeukia."

Shangazi alianza kueleza kwa Kinyarwanda. Matufaha, Babu, kupandikiza. Pigo la kwanza lilikuwa la mpini wa jembe, begani. Akaanguka juu ya ungo, maharage yakatawanyika. Pigo la pili alilikinga kwa mkono wa kulia. Niliusikia mkono. Ulitoa sauti ya kijiti kinachovunjwa kwenye goti. Wengine wakaanza kumpiga mateke, hata wale wanaokuja kwetu kuomba moto. Kanga yake ilifunguka na hakuna aliyemfunika.

Damasi alipiga kelele wasimame. Akamwuliza Shangazi, "Nani alifunga hizi alama?"

"Mi," alisema. "Mi peke yangu. Mutoto hajui kitu."

Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Kama darasani. Safari aliinua panga, si mpini tena. Nikasema, "Ni mimi." Hawakusikia. Nikasema tena kwa nguvu, kwa Kiswahili, maana Kinyarwanda chote kilikuwa kimenikimbia, "Ni mimi niliyefunga. Si alama. Ni mti juu ya mti."

"Sikia Mutanzania," mmoja alicheka. "Mti juu ya mti."

Damasi hakucheka. Alisema, "Onyesha."

Nikachukua kisu cha Shangazi. Safari akaja nyuma yangu, akaniwekea panga shingoni. Lilikuwa baridi na linanuka udongo. Nikapiga magoti kwenye mche wa kwanza, nikakata plastiki, nikaibandua. Kijiti kiliteleza. Nikawaonyesha vidonda viwili, na kamstari keupe palipoanza kushikana. Nikasema, hiki kijiti ni cha mti mliokata. Kinalala hapa mpaka kishike. Nikifungua kabla hakijashika, kinakufa.

"Hakuna barua ndani," alisema Damasi. Kisha akatazama mstari. "Fungua ingine."

"Tafadhali, mzee. Zote ni sawa."

"Fungua."

Nikafungua. Akasema ingine. Nikaelewa kwamba anazitaka zote, kwamba hata kimoja kikibaki kimefungwa Safari atasema ndicho chenyewe. Nilimwangalia Shangazi. Alikuwa amelala ubavu, damu inatoka sikioni, jicho moja limeziba.

"Fungua, mutoto," alisema. "Fungua yote."

Nilikwenda kwa magoti kutoka mche hadi mche. Panga lilikwenda pamoja nami. Vingine vilikuwa bado havijashika, havikuniumiza. Vingine vilikuwa vimeanza kushika, na hivyo nililazimika kuvivuta. Kimoja kilikuwa tayari na jani, dogo kama sikio la panya. Nilikivuta na hicho.

Tulifika kwenye kizingiti cha Safari. Hakikuwepo kingine. Damasi alisema, "Ni bustani tu. Twende."

Safari hakuondoka. Aliondoa panga shingoni mwangu, akaketi pale mlangoni, akaanza kupiga ardhi kwa panga, tena na tena, mpaka wenzake walipomnyang'anya.

Jumanne, 3 Februari

Nimejaribu kuvifunga upya, kwa mpira wa ndala. Vimekauka. Nilijua vimekauka, nikafunga.

Nimejipiga kichwa ukutani. Mama amenizuia.

Jumamosi, 7 Februari

Shangazi amerudi kutoka hospitali. Mkono uko ndani ya plasta. Mfupa umevunjika pabaya, vidole viwili havisikii. Anasema ana bahati, sikio lililopasuka ni lile ambalo Mama humsemea.

Damasi alipita. Hakuingia. Alisimama uani akasema askari wamefuata nyayo, abacengezi walikuja kwa upande wa mto, hawakupita njia yetu kabisa.

"Bon," alisema Shangazi kutoka ndani.

Damasi akaenda zake.

Namchukia Damasi kwa utulivu wake. Namchukia Safari. Namwonea huruma Safari. Yote mawili kwa pamoja, na yananichosha.

Jumapili, 15 Machi

Mvua imenyesha kutwa. Baada ya misa nilimwogesha Shangazi, nikamsuka. Plasta imetolewa. Mkono umekuwa mwembamba kama wa mtoto, hauwezi kushika kijiko. Tumekula viazi. Nilimkatia vipande.

Alasiri nilitoka kuangalia miche. Sikuwa nimekwenda tangu nilipojaribu kuvifunga upya. Vijiti vyote ni vyeusi. Lakini chini yake, kwenye shina la mbegu lenyewe, yametoka machipukizi, manne, matano kwa kila mche. Haya ni ya mwitu. Hayatokani na Babu wala na mtu yeyote tunayemjua. Mtu anayepandikiza huyavunja kwa kidole mara tu yakitokea, yasinyonye nguvu.

Nilirudi nikamwambia Shangazi. 

"Tunda yake itakuwa ya ovyo," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kila mche itakuwa na yake. Hakuna mutu anajua."

Hakusema niyavunje. Sikumwuliza. Nilichukua jembe, nikapalilia mstari wote bila kuyagusa, nikaenda mpaka juu kwa Safari, ambako mlango ulikuwa umefungwa, na kurudi.