Paa la Lori la Babu Yako

Kwako mjukuu wangu, fundi wa kukata na kukimbia,

Sisi wazima, amekufa kuku mmoja tu. Na usinijulie hali kupitia simu ya shangazi yako kana kwamba hukuniachia balaa uani.

Ulitaka lori la babu yako liwe na kichwa kifupi kama la kwenye picha. Ukakata nguzo zote nne zinazoshika paa, kila moja vidole vinne, ukashusha paa. Nyuma likakaa, mbele halikufika. Bwege wewe! Nguzo za nyuma zimesimama, za mbele zimelalia nyuma. Ukizipunguza sawasawa, za mbele zitakutana wapi na paa? Mimi niliyeishia darasa la tatu nalijua hilo kwa kukata mikono ya magauni, wewe mwenye cheti cha kuchomelea hukulijua. Paa ukalitupa kwenye nyasi, ukatorokea kwa shangazi.

Babu yako, tangu macho yafifie, starehe yake ni kukaa nyuma ya usukani kila asubuhi. Bado anakaa, juani, na kofia yangu ya shambani kichwani. Jana jirani akamcheka, "Mzee, siku hizi unaendesha beseni?"

Akamjibu, "Kazi haijaisha. Kijana wangu kaenda kutafuta bati la kuungia."

Miaka hamsini ya ndoa sijamsikia mume wangu akisema uongo. Njoo na hilo bati wiki hii, usimfanye mzee wangu mwongo.

Ni mimi bibi yako, na hasira ninazo bado.