Miche ya Tangi la Kioo

Jumatatu, 4 Juni 1956
Nimefagia ua, nimeanika mihogo. Siku ya mke mwenzangu Riziki leo, si yangu. Ameolewa Mfungo Mosi, mwezi wenyewe haujaisha.
Alasiri mume wangu Hamadi amekuja na kikapu cha majani ya maji kutoka kijitoni. Ni ya kupanda ndani ya lile tangi la kioo aliloachiwa na bwana wake wa kazi, daktari wa hapa Msambweni, Mzungu yule aliyerudi kwao. Tangi liko kwangu kwa kuwa paa langu ni la bati na pipa langu lina maji ya mvua. Kisima kina chumvi. Paa la Riziki ni makuti, maji yake hutoka rangi ya chai. Alhamdulillahi kwa bati.

Jumatano, 6 Juni
Amepanda mche mmoja mmoja kwa vidole. Mchanga wa kijitoni, wa pwani haufai. Amekaa mpaka chai ikapoa, nikampashia nyingine. Siku ya Riziki tena. Nimefurahi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 10 Juni
Majani yanaoza. Yamelegea kama mchicha uliozidi moto. Siku hizi Hamadi huja kabla ya kazi na baada ya kazi, uso umemshuka. Mimi? Na yaoze.
Jirani yangu Mama Saidi amepita, akatazama tangi, akasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Nimecheka naye. Kisha nimeingia jikoni nikalia.

Alhamisi, 14 Juni
Nilitaka kuyatupa. Hamadi amenizuia. Yamekulia nje ya maji, asema, yamezoea upepo. Hayo lazima yafe ndipo mche utoe mengine ya kukaa majini. Maadamu shina ni gumu, tusubiri. Tumeyakata yaliyooza kwa mkasi wangu wa kushonea, mikono yetu sote wawili ndani ya maji. Riziki hakutajwa hata mara moja.

Jumanne, 19 Juni
Jani jipya. Jembamba, laini, kijani cha ndizi changa. Hamadi ameniita nilione, anacheka peke yake.
Mimi hofu imeniingia. Yakipona atakuja kufanya nini?

Jumatano, 27 Juni
Yameshika. Nimevuta mche mmoja, mchanga umekuja nao, mizizi myeupe kama uzi. Nimeurudisha.
Siku za Riziki Hamadi haji tena kwangu. Jana nimemwona akipita na kanzu iliyopigwa pasi, anakwenda kwa Riziki. Pasi si yangu. Namchukia huyo msichana. Hana kosa, najua. Namchukia vivyo hivyo.

Jumamosi, 7 Julai
Riziki amekuja kunisalimu, shikamoo yake ya adabu, amejifunga leso mpya. Amepata dukani chupa kubwa ya peremende, tupu, ya kioo. Hamadi amemwahidi kwenda kijitoni kesho.
"Nami niwe na yangu, dada," alisema.
Nikaona yote papo hapo. Majani mabichi yataoza. Hamadi atakuwa kwake asubuhi na alasiri, na mkasi, na mikono yao majini.
"Usimchoshe bure," nikamwambia. "Nitakupa yangu."

Jumapili, 8 Julai
Nimempa iliyo mizuri kabisa. Miche iliyokwisha kushika, yenye majani ya majini. Nimeitoa na mchanga wake, nikampa na mtungi wa maji ya tangi lile lile isije ikashtuka. Haitaoza. Haitataka muuguzi.
Riziki amenishika mkono, machozi yanamlenga. Hamadi amesema mbele ya mama mkwe wangu kwamba hajaona mwanamke mwenye moyo kama wangu. Nimeinamisha kichwa.
Mvua imenyesha kidogo. Pipa limejaa. Tangi langu limebaki mapengo, mchanga mtupu upande mzima. Hamadi amelitazama akanionea huruma. Kesho akitoka kazini atapitia kijitoni kuniletea mabichi.