Tambi za Chumvi Siku ya Idd

Idd, Sumbawanga. Upepo wa Agosti hauna adabu, unapenya hadi chini ya blanketi.

Nimenuniwa. Nimenuniwa tangu asubuhi, siku ya sikukuu, na haya nayaandika nimekaa kitandani, kanga mbili mabegani, vidole vinanuka kitunguu. Wala sijutii. Niandike tena nijisome vizuri: sijutii.

Nianze na kopo, maana ugomvi wote ni wa kopo.

Nyumba hii ni ya watu wa duka. Mume wangu Salumu ana duka hapa mjini na lori linaloshuka Kipili kufuata samaki. Mwenye jiko ni mama yake. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Mwazye, nilibatizwa Maria, nikasilimu nilipoolewa, nikaitwa Mariamu. Huu ni mwaka wa pili, na mama mkwe hajawahi kuniita jina lolote kati ya hayo mawili. Ananiita "huyo Mfipa". Huyo Mfipa ameacha maji motoni. Mwambieni huyo Mfipa alete sahani. Nami nimesimama pale pale mbele yake!

Kila Idd nyumba hii hupika tambi tamu, za samli, iliki na sukari ya kutosha. Zinapakuliwa kwenye sahani, zinafunikwa vitambaa, zinapelekwa kwa majirani wote, Waislamu kwa Wakristo. Mama mkwe anasema bila tambi tamu hiyo siyo Idd, ni Jumatano tu.

Sasa sukari iko wapi? Tangu vita viishe tunaambiwa tufunge mkanda, nasi tumeufunga mpaka matundu yamekwisha. Duka la ushirika halina. Letu halina. Watu wanapanga foleni, wakichoka wanaweka mawe yawashikie nafasi, na mawe nayo yanarudi mikono mitupu.

Juzi alikuja dukani Mama Yustina, jirani yetu ukuta kwa ukuta, mke wa mjumbe wa nyumba kumi. Amembeba kitinda mimba wake, anamwachisha ziwa. Alitaka sukari ya uji tu, hata kijiko. Salumu akamwapia mbele ya wateja: "Wallahi dada yangu, hakuna hata punje." Akaitikia, akaondoka, lakini kabla hajatoka alitazama rafu zetu za chini, zile tulizofunika gunia zisionekane tupu. Jicho lile sikulipenda.

Na Salumu alisema kweli. Dukani hakuna.

Ila chini ya kitanda cha mama mkwe kuna kopo la maziwa ya unga, na ndani yake imejaa sukari. Siyo ya duka. Kaka yake alimletea kutoka Tabora kabla ya mfungo, naye akaitunza kwa ajili ya leo. Mwezi mzima amefuturu kwa uji usio na sukari huku kopo liko chini ya kitanda chake. Nisimnyime haki yake, yule mama ana roho ngumu. Sukari ni halali yake kabisa. Lakini nani ataamini?

Jana mwezi ulipoandama akalitoa, akaliweka mezani kama bibi harusi. Nikaona nisinyamaze. Nikamwambia, "Mama, tukipeleka tambi tamu kwa mjumbe, kesho atakuja na mgambo kupekua duka. Salumu ameapa."

"Nitawaambia ni ya kaka yangu."

"Mama, siku hizi kila mlanguzi ana kaka Tabora."

Eh! Nilidhani paa linashuka. Akasema nisimfundishe Idd, mimi niliyekuwa nakula nguruwe juzi tu. Akasema tambi za Idd zisizo tamu ni mkosi. Salumu? Salumu aliinama akaanza kutafuta kiatu, na viatu vyote viwili viko miguuni.

Sikulala vizuri. Nilimwona mume wangu amesimama mbele ya mjumbe na watu, akiitwa mwongo na mlanguzi kwa jambo ambalo hakulifanya, leseni ya duka ikichukuliwa, na sisi sote tumepakiwa juu ya lori la mgambo tusilojua linaelekea wapi. Kwa sababu ya utamu wa sahani moja!

Asubuhi wote wamekwenda kuswali Idd, na mama mkwe kaenda na wanawake wenzake. Mimi nilibaki, nilikuwa na udhuru wetu wa kike. Aliniachia kopo kando ya jiko, akaniachia na kidole: "Nikirudi nikute zimeiva."

Basi atazikuta zimeiva.

Kopo nililirudisha chini ya kitanda.

Kaka yangu alikuwa ameleta kibuyu cha maziwa kutoka nyumbani juzi jioni. Baridi ya Sumbawanga ina ubaya wake wote, lakini kwa maziwa haina mpinzani. Unayaacha kwenye sufuria pana usiku kucha, alfajiri unakuta juu pameganda mafuta mazito ya manjano. Mama mkwe huyaita malai. Kwetu hatukuyapa jina la kiungwana, tuliyala tu. Niliyaengua yote kwa upawa, nikapata bakuli zima.

Tambi zenyewe hazina kazi, na hapo ndipo ninapozipenda. Nilibandika maji ya chumvi, nikazivunjavunja kwa mkono nikazitumbukiza. Kwenye jiko la pili nikakaanga kitunguu kwa samli, nikachambua mgebuka mkavu wa moshi, samaki yule Salumu anayemleta kutoka Kipili, nikatoa miiba yote, nikamtia kwenye kitunguu. Tambi zilipolainika nikazichuja kabla hazijawa uji. Nikazigeuza kwenye samaki, nikaepua, ndipo nikamimina malai. Ukiyamimina juu ya moto yanakatika, yanakuwa maji na mabonge. Nikakoroga taratibu mpaka kila tambi imevaa nguo yake ya manjano. Pilipili manga juu. Nikaonja.

Nilicheka peke yangu jikoni.

Sikungoja ruhusa. Nilipakua, nikafunika vitambaa, nikazungusha sahani mwenyewe nyumba kwa nyumba kabla watu hawajarudi. Kwa Mama Yustina nilipeleka ya kwanza. Alipokea, akasema ahsante, akafunga mlango haraka kidogo.

Mama mkwe alirudi, akafunua sufuria, akanusa. Akachukua moja kwa ncha ya vidole.

"Chumvi?"

"Ndiyo, mama."

"Na samaki? Siku ya Idd?"

"Ndiyo, mama."

Akauliza ziko wapi sahani za majirani. Nikamwambia zimeshakwenda. Akasema nimemvua nguo mbele ya mji mzima, akaingia chumbani, akafunga mlango. Baadaye nikasikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe. Anakunywa chai yake ya sukari, peke yake. Haya, na anywe, ni sukari yake.

Salumu alikula sahani mbili amesimama, mgongo ameugeuzia mlango wa mama yake. Mama akikohoa, anaweka sahani chini. Akinyamaza, anaiokota. Mwanamume wangu huyo, nampenda hivyo hivyo.

Jioni akaja Mama Yustina, mtoto mgongoni, anarudisha sahani. Hakuirudisha tupu, alijaza unga wa ulezi. Mgeni wa Idd hapokelewi na mkwe peke yake, kwa hiyo mama mkwe ikabidi atoke chumbani, kikombe mkononi, uso umekunjwa.

"Shikamoo, Mama Salumu."

"Marahaba. Karibu."

Mama Yustina akakaa, akacheka kile kicheko cha mtu mwenye aibu. "Mama, leo sikukuu, niseme kweli. Mume wangu aliniambia, sahani ya watu wa duka ikifika, onja kwanza, ikiwa tamu niambie. Nikatia kidole. Sikuamini, nikatia tena. Chumvi! Nikamwambia, baba, hawa hawana kama sisi. Basi tukazigombania mpaka mtoto akalia." Akafuta macho. "Mnisamehe. Niliwadhania vibaya."

Nilimtazama mama mkwe. Polepole, bila kuangalia chini, alivuta pindo la kanga akafunika kikombe chake cha chai.

"Nani kazipika?" akauliza Mama Yustina.

Mama mkwe akakohoa. "Ni huyu Mfipa wetu."

Wetu! Miaka miwili nimengoja angalau hiyo. Jana ningeipokea kwa mikono miwili na kupiga goti. Leo hapana. Leo nimeokoa duka la mwanawe kwa upawa na bakuli la malai, na nilikuwa nimechoka kuwa kabila.

"Mariamu," nikasema. "Jina langu ni Mariamu, mama."

Mama Yustina akaanza kumfunga mtoto upya, na mtoto alikuwa amefungwa vizuri tu. Salumu akainama, sijui kiatu kipi tena.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Sikuinamisha macho. Mama yangu angenichapa, lakini mama yangu yuko Mwazye.

"Haya," akasema mwishowe. "Mariamu. Mwongezee mgeni tambi."

"Zimekwisha, mama."

Na zilikuwa zimekwisha kweli, hata za kubandua chini ya sufuria.

Bado amenuna. Ananinung'unikia hadi sasa huko sebuleni, na najua kesho nitaamshwa mapema kuliko kuku. Sawa, nitaamka. Lakini mwakani, sukari ijae madukani au isionekane, Idd katika nyumba hii nitapika tambi za chumvi, za samaki na malai. Na atakayeziita mkosi aniite mimi kwanza kwa jina langu.