Kunde za Kopo la Majivu

Bweni la wasichana, chumba namba 14
Machi 3

Babu yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na ile lenzi yako ya kukagulia saa imepatikana. Tazama kwanza kwenye paji la uso. Mimi mzima, ila roho iko juu juu.

Jarida la kitivo chetu cha kilimo na chakula lilibandikwa jana nje ya maabara, tukasukumana kama watu wanaogombea bomba la maji. Kuna mashine mpya ya kusaga, kuna mgeni atakayefundisha usindikaji wa maziwa. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kuna nafasi moja ya utafiti: miaka miwili, ada yote inalipwa. Sharti ni kuleta mbegu ya zamani ambayo ghala la kitivo halina. Wataipima, wataipanda, kisha waamue. Mwisho wa kupokea ni Machi 31.

Babu, unajua baba amesema mwaka huu ukiisha narudi nyumbani. Hana ada tena. Lakini wewe una zile kunde Bibi alizoshonea kwenye pindo la gauni mlipokimbia. Naomba thelathini tu.

Mke wako mdogo

*

Machi 14

Mke wangu mdogo,

Marahaba. Goti linatabiri mvua kuliko redio. Lenzi ilikuwa kwenye paji la uso, cheka umalize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na hilo neno "wataipima" limenikaa kooni. Tulipovuka mpaka, afisa alichukua nusu ya mbegu za bibi yako. "Za kupima tu, Mama. Rudini kesho." Tulirudi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili tukaambiwa amehamishwa. Bibi yako hakulia. Aliomba karatasi tu, ya kuonyesha kwamba kitu kile kilikuwa chake. Hakupewa hadi anazikwa.

Lakini mjukuu akiomba, babu afanyeje? Kwenye bahasha ndogo kuna thelathini na moja. Nyeupe, jicho jeusi, kama unavyozijua. Usiniulize zaidi. Mungu akufungulie.

Babu yako

*

Mei 29

Babu,

Leo sisalimu.

Kunde zimechanua. Nimezimwagilia kwa mkono wangu asubuhi na jioni mpaka wenzangu wakaniita Mama Kunde. Jarida la mwezi uliopita lilitangaza kwamba nimechaguliwa, kwa sharti kwamba mimea ihakikiwe. Juzi mwalimu wa mbegu, ambaye sisi tunamwita Mizani kwa sababu hacheki wala hakasiriki, alisimama mbele ya mimea yangu, akachuma ua moja na majani mawili, akaenda nayo maabara. Leo ameniita.

"Binti, hizi umezitoa wapi?"

"Kwa babu yangu. Bibi alizibeba wakati wa vita, miaka arobaini iliyopita."

"Ajabu. Mbegu hii tuliizalisha sisi, katika jengo hili hili, miaka tisa iliyopita. Inauzwa madukani kwa pakiti."

Nimekiletea kitivo mbegu yake chenyewe, Babu, tena nikaisimulia huku machozi yananitoka. Wanasema ni udanganyifu. Kamati inakaa Juni 9. Nikishindwa kujieleza, sikosi nafasi tu, nafukuzwa chuo.

Niambie kitu kimoja. Aliyenidanganya ni Bibi, au ni wewe?

Mjukuu

*

Juni 3

Mjukuu wangu,

Salamu nakupa hata kama huzitaki.

Bibi yako hakudanganya mtu maishani mwake, hata kuhusu umri. Ni mimi. Nilikwenda duka la pembejeo karibu na stendi, nikanunua pakiti, nikachagua zilizofanana na zetu, moja moja, kwa kibano na lenzi, ili hata wewe usitambue. Kazi safi kabisa. Ndiyo ustadi wa fundi aliyejichimbia kaburi na kulipiga msasa.

Nilijiambia: watazipima, watazipoteza, mtoto atapata nafasi yake na mimi nitabaki na zangu. Miaka yote nafungua saa mgongo na kusema hii ni ya kweli, hii ni ya bandia. Sikufikiri kwamba kuna mtu anaweza kuifungua kunde vivyo hivyo.

Kopo la majivu ninamohifadhi mbegu za bibi yako nimempa dereva wa basi la asubuhi, yule mwenye kofia ya sufu, na ameniapia atakukabidhi mkononi. Ndani ya majivu mna mbegu arobaini na sita. Ndizo zote, sikubakiza hata moja. Kila mwaka nimekuwa nikizipanda kwenye ndoo sita nyuma ya kibanda cha kazi, mbali na kunde za watu. Ua lake ni jeupe, na ganda lina mstari mwekundu mgongoni. Mwambie huyo Mizani aangalie. Nimemwandikia na yeye, nimekiri, nimetia sahihi na dole gumba. Mzigo huu si wako.

Nakuomba jambo moja. Kabla hujafungua kopo mbele yao, omba karatasi.

Babu

*

Septemba 19

Mjukuu wangu,

Hujambo? Kuuliza si kosa. Tangu Juni sina barua yako. Ni baba yako aliyeniambia kwamba hukufukuzwa, ila nafasi amepewa mwenzako, na kwamba wewe sasa unaosha vyungu kwenye kitalu cha kitivo ili ulipe ada. Nilikaa na habari hiyo kibandani siku nzima, na saa ya mteja nikaifunga bila kuirudishia mshale wa dakika.

Leo dereva ameleta kopo. Limejaa kunde hadi mdomoni, na juu yake kuna karatasi yenye muhuri: "Zimepokelewa mbegu arobaini na sita. Zimeota thelathini na tisa. Ghala halikuwa nazo. Nusu ya mavuno inarudishwa kwa mwenyewe." Kwenye mstari wa mwenye mbegu umeandika jina la bibi yako, si langu. Umefanya sawasawa. Nimeipeleka kaburini kwake nikaisoma kwa sauti, mara mbili.

Kisha nimerudi nikamwaga kunde zote juu ya meza na kuzichambua kwa kibano. Natafuta barua. Haimo.

Nimestahili.

Babu

*

Oktoba 2

Babu,

Shikamoo. Goti je?

Barua haikuwemo kwa sababu niliandika nne nikazichana zote. Bado nina hasira na wewe. Naimaliza polepole, usinihimize.

Jarida jipya limetoka. Nafasi nyingine kama ile inatangazwa, mwisho Desemba 1. Mizani amenisimamisha kitaluni nikiwa na sepetu mkononi, akasema: "Omba, kwa kunde zile zile za bibi yako. Lakini safari hii huyo fundi saa aje mwenyewe, akae kwenye kiti changu, nimuulize mimi." Nikamwambia babu yangu hapandi basi, anaogopa watu wa kupima vitu. Akasema, "Na mimi naogopa watu wa vibano. Aje."

Kwa hiyo njoo. Ni mwendo wa saa tisa. Kaa dirishani, upande usio na jua. Na uje mikono mitupu. Nitakupekua getini.

Mke wako mdogo