Kusoma kwa Mbio za Mfereji

Mjukuu wangu Elinami,

Mlima huu mzima hajazaliwa aliyesoma kitabu kwa mbio kama babu yako! Bibi yako mzima, anakusalimu. Kahawa tumeng'oa nusu, tumepanda nyanya.

Unauliza kama wewe ni mjinga kwa kuwa darasani hutulii. Mjinga wa wapi? Umenirithi mimi. Siku moja ya zamu yetu ya maji ya mfereji, mama alinipa kitabu. "Wewe mtoto una siafu makalioni," alisema. "Soma mstari mmoja, kimbia ukaangalie maji migombani, kisha urudi uniambie umesoma nini." Nikaenda nikarudi, hadi migomba ikashiba na ukurasa ukaisha. Ndivyo nilivyojua kusoma, bwana!

Barua hii mpe mwalimu wako. Mwambie nimeiandika nikiinuka-inuka kwenda kumwangalia ng'ombe.

Mwalimu wangu alinipigisha magoti kila nilipochezacheza. Mama alimwogopa, hakumweleza habari ya mfereji, nami shule nikaiacha darasa la nne. Hapo tu, mjukuu wangu, ndipo mambo yaliponiharibikia.

Babu yako