Dume kwa Dume

Fariha, Kaizar amerudi kutoka Kilindini na hataki hata chai.

Kile kichwa cha shaba cha kuungia nyaya za umeme chini ya maji, alichomkerezea Morris wa kampuni ya wapiga mbizi, hakikuingia. Cha meli ni dume, na hiki nacho dume.

Na alimuuliza, shoga. Alimuuliza mbele yangu, "Dume au jike?" Morris akajibu, "Dume."

Leo mkubwa wa Morris amemkabili Kaizar mbele ya wapiga mbizi, "Fundi, hukuuliza?" Morris akainamisha kichwa. Kaizar akasema, "Sikuuliza."

Sikuuliza. Fariha, kasema sikuuliza.

Nikamwambia mbona umejitia lawamani, akanijibu, "Angefukuzwa palepale."

Sasa kazi zao zote wamempa fundi mwengine. Naye Morris kamtumia neno moja tu: "Pole."