Tuliyemsomea Hitima Si Wewe

Mtendeni,
Tabora.
14 Juni 2024

Mpendwa Ami Thuwaini,

Shikamoo. Hujambo huko Ujiji? Afya yako je? Swali hilo nimeliandika nikalifuta mara mbili, maana tangu mwanzoni mwa Mei hapa nyumbani hakuna tena anayeuliza afya yako. Mimi sijambo. Baba ameanza kufungua duka. Bibi anakula kidogo tu, na miguu inamvimba.

Nina jambo sijamwambia mtu. Juzi, kwenye hitima yako ya arobaini, juzuu niliyopewa sikuisoma. Nilifunua msahafu, nikachezesha midomo, nikageuza kurasa kila wenzangu walipogeuza. Barua yako ilikuwa kifuani mwangu, ndani ya buibui, bado inanuka dagaa.

Ilinifikia Jumanne. Yule muuza dagaa uliyemtuma aliniita getini shuleni, akanipa kifurushi, akasema kimetoka kwa ndugu yangu. Nilipouona mwandiko wako nilikaa palepale vumbini. Wasichana wakacheka, wakadhani nimeandikiwa na mvulana. Kumbe nasoma barua ya mtu niliyemlilia hadi sauti ikakauka.

Halafu nikafika ulipoandika habari za Amon, rafiki yako. Kwamba asubuhi ile uliamka na homa, akakwambia ulale, akavaa jaketi lako akashuka shimo la dhahabu huko Nzega kwa zamu yako. Kwamba shimo lilipoporomoka hukuweza kumkabili mama yake, ukadandia lori, ukapotea. Ami, Baba alilitambua lile jaketi. Uso ulikuwa hautazamiki, na mfukoni mna kitambulisho chako. Nani angeuliza zaidi? Tumemzika Amon kwenye makaburi yetu, kando ya Babu, kwa jina lako.

Na mama yake alikuja. Mayu Josepha, kama wanavyomwita kwao, alitoka Puge na kapu la karanga kutupa pole. Akakaa mkekani karibu nami, akaniuliza taratibu hitima maana yake nini. Unanijua, hata darasani kuomba ruhusa ya kutoka naona haya. Lakini nilimjibu kama ustadhi alivyotufundisha chuoni: ni neno la Kiarabu, maana yake kukamilisha, kufunga kitu kwa muhuri. Msahafu hugawanywa juzuu thelathini, kila msomaji na yake, na ukimalizika wote anaombewa marehemu. Nikamwambia hata shuleni tunaposema mtu kahitimu, ni neno lilelile. Akaitikia kwa kichwa. Akasema wao husema kuanua tanga: mikeka ya wafiwa inakunjwa, watu wanarudi makwao.

Kisha akasema, "Mimi nitaanua nini, mwanangu? Amon wangu hata hajaonekana. Ninyi angalau mna kaburi."

Akampangusa Bibi machozi kwa khanga yake mwenyewe. Yeye, Ami, anatufariji sisi, na mwanawe ndiye tuliyemzika. Hapo ndipo moyo wangu ulipokataa kusoma. Ningefungaje jambo ambalo mama mwenyewe hajaambiwa kama limeanza?

Umeniomba nikuache hivyohivyo, marehemu, kwamba ni heri kwa wote. Heri kwa nani? Kila siku ya gulio mayu Josepha yuko Nzega, anauliza wachimbaji mmoja mmoja. Wewe ndiye uliyenifundisha baiskeli, na sikuwahi kukukatalia kitu. Hili nakukatalia. Panda treni uje. Ukiogopa kwenda Puge peke yako nitakwenda nawe. Labda nitasimama nyuma yako nisiseme neno, ila nitakuwepo.

Murtadha mdogo wangu hakusalimu, wala Baba, wala Bibi, kwa sababu hawajui kama kuna wa kusalimiwa. Mungu akutue huo mzigo, na akurudishe salama.

Namsikia Bibi anakuja, ndara zinaburuta ukumbini. Tangu nianze kuandika nimekuwa nikiifunika karatasi hii kwa daftari la jiografia. Sasa nimelisogeza pembeni. Amesimama mlangoni, anauliza naandika kwa nani. Nimempa miwani yake.

Ni mimi nikupendaye, ila siwezi tena kukuficha,

Khole